Stratejia iko sawa ila akaunti inaungua? Tafuta ugonjwa wako hapa, mzee Laozi atatusaidia

Wadau, tangu 2019 nimeunguza akaunti nne za forex (kununua na kuuza fedha za kigeni mtandaoni), yaani hela yote iliisha. Nimekaa nikazipitia moja moja na ukweli ni kwamba moja tu ndo iliuliwa na stratejia mbovu, zile tatu stratejia ilikuwa inajitahidi kabisa, shida ilikuwa mimi niliyeshika simu. Sasa katika kuhangaika nikaanza kusoma Daodejing, kile kitabu cha Laozi wa China ya kale, na sikukisoma kwa ajili ya forex hata kidogo, nilikipakua kwa sababu ni kifupi, sura 81 na nyingi zinaisha kabla daladala haijatoka kituoni. Nikaona huyu mzee ananisema mimi. Baadaye nikaongeza Zhuangzi ambaye ni mchekeshaji zaidi na ana hadithi, na hadithi zinakaa kichwani kuliko mistari.

Neno moja kwanza maana bila hilo hatutaelewana: wu wei. Watu wanalitafsiri kutotenda, alafu wanadhani ni kujilaza kwenye kochi usubiri hela. Sio hivyo. Ni kutolazimisha. Nahodha wa jahazi hapulizi tanga kwa mdomo wake ila pia halali, anaangalia upepo unatoka wapi, anageuza tanga, anakaza kamba, na siku ambayo upepo haupo jahazi linabaki bandarini na hakuna anayemwita mvivu. Hiyo ndo picha niliyonayo nikisema Utao, falsafa ya hawa wazee, kwenye kutredi.

Kipimo cha kwanza kabla ya dawa yoyote

Chukua tredi zako 50 za mwisho. Huna rekodi? Basi acha kusoma, nenda kaanze daftari, urudi baada ya miezi miwili, sikutanii. Kama unayo, zigawe mafungu mawili, zile ulizofuata sheria zako mwenyewe na zile ambazo ulijisikia tu. Piga hesabu kila fungu peke yake. Kama fungu la sheria nalo linapoteza basi tatizo ni stratejia na hapo Laozi hana msaada, rudi demo (akaunti ya mazoezi, hela za uongo). Kama fungu la sheria lina faida na lile la kujisikia ndo linakula kila kitu, karibu, uko sehemu sahihi.

Na usishangae kuona kwenye fungu la sheria umepigwa mara nyingi kuliko ulivyoshinda. Ukishinda mara 20 kati ya 50 na kila ushindi ni mara mbili ya hasara moja, unapata 40, unatoa 30, umebaki na 10 za faida. Kwa mfumo kama huo kupigwa mara tano mfululizo ni jambo la kawaida kabisa. Watu wengi wanaanza kuumwa hapa, wanapigwa tano wanaona wamerogwa.

Dalili: naingia tredi nane kwa siku na nikiangalia jioni setapu halisi (hali ya soko inayotimiza sheria zangu za kuingia) ilikuwa moja au hakuna

Hii ndo mama wa magonjwa yote na mimi nimeugua miaka miwili.

Zhuangzi ana hadithi ya mpishi anayechinja ng'ombe mbele ya bwana mkubwa. Kisu chake kina miaka 19, kimepasua ng'ombe maelfu, na bado makali yake ni kama kimetoka kunolewa leo. Anamwambia yule bwana kwamba mpishi mzuri anabadilisha kisu kila mwaka kwa sababu anakata, mpishi wa kawaida kila mwezi kwa sababu anagonga mifupa. Yeye hagongi mfupa, anatafuta uwazi kwenye maungio na kisu kinapita. Ila sehemu watu wanayoirukaga kwenye hii hadithi ndo tamu zaidi: akifika penye maungio magumu anapunguza mwendo, anakaza macho, anasogeza kisu kidogo kidogo sana mpaka nyama inaachia yenyewe.

Akaunti yako ndo kisu. Hesabu umebadilisha visu vingapi tangu uanze, utajua wewe ni mpishi wa aina gani.

Sasa kwanini tunagonga mifupa? Nimeona sababu tatu na kila moja ina dawa yake, usichanganye.

Ya kwanza ni kukaa kwenye chati muda ambao soko halina kitu. Mtu ana EURUSD, jozi ya euro na dola, saa kumi na mbili asubuhi, London bado wamelala, bei inatambaa pipsi (hatua ndogo ya bei) tano juu pipsi tano chini, na kwa kuwa amekaa pale lazima ataona kitu, binadamu ukimkalisha mbele ya ukuta mweupe masaa matatu ataona sura ya mtu. London inaamka kwenye saa nne asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, saa tano wakati wa baridi yao, na New York inaingia kuanzia saa tisa alasiri au saa kumi. Yale masaa wanayokutana ndo soko lina nyama. Dawa ni ratiba tu, nje ya hapo programu imefungwa.

Ya pili ni kuona kila taimufremu (chati ya muda fulani) inasema lake, ya saa moja inapanda, ya dakika 15 inashuka, unaingia ili upate jibu. Sura ya 15 ya Daodejing inauliza nani anaweza kutulia mpaka maji ya tope yajichuje yenyewe. Ukiyakoroga ili yawe safi unayachafua zaidi, na tredi ya kutafuta jibu ni kukoroga. Kama huoni basi hujaona, andika kwenye daftari "tope" na tarehe, funga. Kurasa zangu za mwaka jana zina tope nyingi kuliko tredi na sijuti hata moja.

Ya tatu ni kuboreka. Ndio, kuboreka tu, huna kazi nyingine mchana. Hii haihitaji falsafa, tafuta shughuli, fuga hata kuku.

Dalili: nikipigwa stopu (oda inayofunga tredi yenyewe hasara ikifika kikomo nilichoweka) narudi hapohapo na loti (ukubwa wa tredi) kubwa

Kuna jamaa kwenye Zhuangzi alikuwa anaogopa kivuli chake na nyayo zake, akaamua kuzikimbia. Kadiri anavyokimbia nyayo zinaongezeka, kivuli hakimwachi, akaona labda anakimbia polepole, akaongeza mbio bila kupumzika mpaka akafa. Hakujua kwamba angekaa tu kivulini, kivuli chake kingepotea, na angetulia, nyayo zingeisha.

Sina cha kuongeza kwenye hiyo. Usiku mmoja wa 2021 nilipoteza dola 12 kwenye GBPJPY (pauni na yen), nikaanza kuzikimbiza, kufika saa tano usiku zilikuwa 140.

Dawa iliyonisaidia ni ya mwili maana kichwa muda ule hakipo: hasara mbili kwa siku, simu inaingia kwenye droo chumba kingine, natoka nje ya nyumba. Sio nitajizuia, hujizuii, ushawahi kujizuia? Weka umbali kati ya kidole na kitufe.

Dalili: tredi inaenda vibaya, naondoa stopu losi, nasema nina subira

Hapa nataka tukae kidogo kwa sababu huu ugonjwa umevaa kanzu ya uchamungu.

Sisi tumelelewa na subira yavuta heri, na mvumilivu hula mbivu, na ni maneno ya kweli kwenye ndoa na kwenye shamba la mihogo. Ila mtu anayachukua anayapeleka kwenye tredi iliyokufa, ameingia kununua, bei imevunja pale alipoandika mwenyewe kwamba ikivunja nimekosea, yeye anasogeza stopu chini, alafu anaiondoa kabisa, na ukimuuliza anakwambia navumilia. Unavumilia nini ndugu yangu, embe limeshaanguka na limeoza unasubiri liive?

Kwenye kutredi kuna kusubiri kabla ya kuingia na kuna kung'ang'ania baada ya kukosea, na kwa macho ya mtu wa nje vinafanana, wote wamekaa kimya wanaangalia skrini. Laozi anavitofautisha vizuri kwenye sura ya 76, anasema mtu akiwa hai ni laini, akifa anakakamaa, na miti na majani vilevile, na mti mgumu ndo unaokatwa. Aliyetoa stopu amekakamaa. Aliyepigwa stopu yake ya asilimia moja ya akaunti akafunga ni laini, kesho yupo.

Na kama unaona soko lazima lirudi maana linarudigi, kumbuka faranga ya Uswisi. Septemba 2011 benki kuu ya Uswisi ilitangaza kwamba haitaruhusu euro ishuke chini ya faranga 1.20, na zaidi ya miaka mitatu watu wakawa wananunua EURCHF karibu na pale kama wanaokota hela barabarani, maana benki kuu imeahidi. Tarehe 15 Januari 2015, kwetu ilikuwa saa sita na nusu mchana, benki ikatangaza imeacha. Ndani ya dakika chache euro ilikuwa chini ya 1.00. Hata wenye stopu wengi hawakufungwa kwenye bei zao kwa sababu katikati hapakuwa na mtu wa kununua, na brokeri (kampuni inayokufungulia akaunti ya forex) Alpari tawi la Uingereza akafilisika. Sasa kama mwenye stopu aliumia hivyo, asiye na stopu na mwenye loti kubwa alibaki na nini? Deni.

Dawa: stopu inawekwa pamoja na oda, na inaruhusiwa kusogea upande mmoja tu, wa kupunguza hasara. Kama mkono unakuwasha kuisogeza nyuma maana yake loti ni kubwa kuliko moyo wako, nenda kwenye dalili ya demo hapo chini.

Dalili: tredi ni nzuri ila nafunga mapema, nafungua, nasogeza, nafunga tena

Sura ya 60 ina mstari ambao mtu wa pwani anauelewa kuliko profesa: kutawala nchi kubwa ni kama kupika samaki wadogo. Umewahi kukaanga vibua? Ukimgeuzageuza anavunjika, unabaki na miiba na mafuta machafu. Unamweka, unamwacha, unamgeuza mara moja.

Chanzo mara nyingi ni kuangalia hela badala ya chati. Ukiona dola 7 kichwa kinazibadilisha kuwa shilingi, zinakuwa unga na mafuta ya kula, lazima ufunge. Kwenye MetaTrader, ile programu ya kutredi, ya kompyuta unaweza kubadili ile safu ya faida ionyeshe pointi badala ya hela, fanya leo. Alafu weka alamu ya bei kwenye simu na uangalie inapolia tu.

Dalili: demo nilikuwa simba, akaunti halisi natetemeka

Zhuangzi tena, sura ya 19: mpiga mishale akishindania vigae anapiga vizuri, akishindania kifungo cha mkanda anaanza kuogopa, akishindania dhahabu anakuwa kama kipofu. Ujuzi ni uleule, kilichobadilika ni uzito wa kitu cha nje. (Nyie wa XAUUSD, yaani dhahabu, sijawataja mimi, mmetajwa na mzee miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita.)

Kwahiyo ugonjwa haupo mkononi, upo kwenye dau. Twende kwenye namba. Una dola 100, unafungua loti 0.10 ya EURUSD, kila pipsi moja ni dola moja, stopu ya pipsi 30 ni asilimia 30 ya akaunti yako kwa tredi moja. Ukifungua 0.01 stopu ileile ni dola 3, asilimia tatu. Na kuna ukweli ambao wauza kozi hawapendi kuutaja, kwamba kwa dola 100 huwezi kubaki kwenye asilimia moja na stopu ya pipsi 30 hata kwa loti ndogo kabisa ya kawaida, ndo maana akaunti za senti (zinazohesabu hela kwa senti) zipo, zitumie bila aibu.

Asilimia inamaanisha nini? Ukihatarisha 1 kila tredi ukapigwa mara kumi mfululizo umebaki na 90 na kidogo. Ukihatarisha 10 umebaki na 35, na kutoka 35 kurudi 100 unatakiwa uzidishe hela yako karibu mara tatu. Sura ya 24 ya Daodejing inasema anayesimama kwa ncha za vidole hasimami imara, na anayepiga hatua ndefu kupita kiasi hafiki. Levereji (nguvu ya kufungua tredi kubwa kuliko hela yako) ya 1:500 yenyewe haikuui, inakuruhusu tu usimame kwa ncha za vidole, ile loti 0.10 inahitaji marjini (dhamana) kama dola 22 tu hivyo brokeri anakuachia. Ulaya mwaka 2018 mamlaka yao ya masoko, ESMA, ilikuta asilimia 74 mpaka 89 ya akaunti za wateja wadogo wa CFD (mikataba ya kubashiri bei, forex ikiwemo) zinapoteza hela, ikabana levereji mpaka 1:30 kwa jozi kubwa. Wao wamefungiwa geti na serikali, wewe itabidi ujifungie mwenyewe.

Na kama hela uliyoweka ni ya kodi ya nyumba au ada ya mtoto au umekopa kwenye simu, ruka kurasa zote, itoe. Hakuna mpiga mishale anayelenga vizuri mwenye nyumba akiwa amesimama mlangoni.

Dalili: naingia baada ya mshumaa (alama ya chati inayoonyesha bei ilivyokwenda kwa muda fulani) mrefu wa habari, kisha bei inageuka

Sura ya 23, upepo mkali haumalizi asubuhi, mvua ya ghafla haimalizi siku. Ile NFP, ripoti ya ajira ya Marekani, kawaida inatoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa tisa na nusu alasiri kwetu, saa kumi na nusu kukiwa na baridi kule kwao. Dakika zile spredi (tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza) inatanuka, bei uliyobonyeza sio utakayopewa, na ule mshumaa ulioupenda ulishaisha wakati unaupenda. Subiri saa nzima. Kama ni trendi ya kweli itakuwepo, kama ilikuwa mvua ya ghafla utaona imekauka.

Dalili: stopu inapigwa usiku wa manane, asubuhi nakuta bei haikufika pale

Hii haina Tao ndani yake, na mara nyingi haina hata uchawi wa brokeri. Siku ya forex inafungwa saa kumi na moja jioni ya New York, kwetu ni saa sita usiku au saa saba kutegemea msimu, na dakika zile mabenki yanapumua, spredi inatanuka hata mara kumi kwenye baadhi ya jozi. Tredi yako ya kuuza inafungwa kwa bei ya kununua na chati yako inaonyesha bei ya kuuza tu, kwahiyo unaona umeibiwa. Washa mstari wa bei ya kununua kwenye chati, acha nafasi kwenye stopu, au usilale na tredi za stopu fupi. Nilimtukana brokeri wangu wa kwanza miezi mitatu kwa hili.

Dalili: wiki nzuri, kisha wiki inayofuata narudisha zote na nyongeza

Sura ya 9, chombo kikijaa mpaka ukingoni bora ungeacha mapema. Ila mimi naona chanzo kiko kabla ya ulafi. Kuna kitabu kingine cha China ya kale, Huainanzi, kina mzee wa mpakani farasi wake akatoroka, majirani wakampa pole, akasema mnajuaje kama sio heri. Farasi akarudi na farasi mwingine mzuri, wakampongeza, akasema mnajuaje kama sio balaa. Mwanae akampanda akaanguka akavunjika mguu. Vita ikaja vijana wakachukuliwa, mwenye mguu mbovu akabaki hai.

Nenda kwenye ile wiki yako nzuri uangalie tredi zilizoleta hela. Nakubashiria kuna moja kubwa uliyoingia nje ya sheria ikakubali. Ule ndo yule farasi mzuri. Kwenye daftari langu nina safu mbili, ya matokeo na ya kufuata sheria, na ushindi wa nje ya sheria nauandika kwa kalamu nyekundu kama hasara. Ulionikata maini zaidi ni wa dola 85.

Dalili: siingii kabisa, na najiita Mtao

Hii inawapata waliopona zile nyingine. Niliipata mwaka juzi. Wiki tatu sikufungua tredi hata moja, nikijisifu kwamba sasa nimekuwa maji, nimetulia, wenzangu wanahangaika. Alafu nikarudi nyuma kwenye chati nikakuta setapu zangu kamili, zenye vigezo vyote vitano, zilikuwa sita, na zote niliziangalia zikipita. Ile haikuwa wu wei, ilikuwa woga umejifunika shuka. Mpishi hakuacha kuchinja ng'ombe. Maji nayo, unaweza kuyasifia yalivyo laini mpaka kesho, ila ukiyapa mteremko hayasimami kujadiliana.

Ukitaka kujua kama ni subira au woga jiulize swali moja: unaweza kutaja kwa maneno kitu gani kamili unachosubiri? Mwenye subira anajibu, nasubiri bei irudi 1.0850 na mshumaa wa saa moja ufunge juu yake. Mwoga anasema nasubiri soko likae vizuri.

Dawa niliyotumia ni kushusha loti mpaka mkono uache kutetemeka, na kuweka sheria kwamba vigezo vitano vikitimia sina kura tena. Jumatatu iliyofuata vilitimia saa tano na robo asubuhi. Niliingia na 0.01, ikapiga stopu baada ya dakika 40, nikaiandika upande wa sheria, nikaenda kula.